Sukari za juu ya seli sasa zinaonekana moja moja

Huku kwetu ukitaja sukari mtu anawaza kiwanda cha Kakira na yale malori ya miwa barabara ya Jinja, lakini mimi niko labu, sukari yangu ni ile iliyoota nje ya seli. Grupu ya damu A na B zinatofautiana kwa sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo wa sukari ulio juu ya seli nyekundu: A ina N-asetilgalaktosamini, B ina galaktosi, O haina hata moja kati ya hizo. Ukipima kwenye kigae unaweka tone la damu huku na huku, anti-A (kingamwili inayonasa sukari ya A) hapa, anti-B pale, unakoroga na kijiti halafu unainamisha polepole, kama ni A basi upande wa kwanza damu inakatikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Landsteiner, aliyegundua grupu za damu, aliyaona hayo tangu 1901. Ila sukari yenyewe huioni, unaona ugomvi wake tu.

Maikroskopu ya kawaida inakwama kwenye nanomita 200 hivi, na sukari moja iko kama nanomita 1. Sasa 2025 watu wa taasisi ya Max Planck kule Erlangen, Ujerumani, wakafika angstromu 9, yaani chini ya nanomita moja aisee! Wanailisha seli sukari yenye kialama cha azaidi (kikundi kidogo cha atomu za nitrojeni), seli haishtuki, inaijenga kwenye minyororo yake kama kawaida, kisha kipande cha DNA kinanasa ile azaidi (kemia ya namna hii ndiyo ilimpa Carolyn Bertozzi Nobeli ya 2022), halafu vinakuja vipande vingine vyenye rangi, vinashika vinaachia, vinawaka vinazima. Sukari zilizobanana zinapewa DNA tofauti ili zipigwe picha kwa zamu. Wengine watasifia picha, mimi nasifia huo ujanja wa kulisha.

Na mpangilio una maana, maana kirusi cha mafua kikishika asidi ya sialiki (sukari mojawapo ya juu ya seli) moja tu kinateleza, kinahitaji kadhaa zilizokaa karibu.

Shida ni kwamba unaona tu zile ulizolisha. Na damu yangu ya kwenye kigae ndo haiwezekani kabisa hivyo, seli nyekundu ikishakomaa haina tena Golji, ile sehemu ya seli ya kujengea minyororo, labda uiwahi ikiwa bado kwenye uboho.