Usinunue nyumba ya Airbnb Pwani kabla ya kuiona Mei

Desemba kila nyumba ya Pwani ya Kenya ina wageni. Treni ya Madaraka Express imejaa, ndege za Ukunda zimejaa, na hata chumba cha joto kisicho na kiyoyozi hupata mtu wa kukilipia. Ndiyo maana madalali hupenda kumtembeza mnunuzi mwezi huo. Nyumba ya kupangisha kwa siku hupimwa Mei, masika yakiwa yamekolea, kusi imeanza kuvuma, bahari imechafuka na watoto wamerudi shule. Mtaa unaopata wageni Mei hauna haja ya kutetewa na dalali.

Kabla ya kuchagua mtaa, jua unahitaji siku ngapi za wageni. Chukua mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala inayolipiwa shilingi 8,000 kwa usiku. Hizi ni tarakimu za kuonyesha njia tu, weka zako. Kamisheni ya Airbnb, mtandao unaokuletea wageni, tuiweke asilimia 15, yaani 1,200. Meneja anayepokea wageni, asilimia 20, yaani 1,600. Tozo ya utalii ya asilimia 2 ni 160. Usafi na dobi ni 1,500 kila mgeni anapoondoka, na tuseme kila mgeni hulala siku mbili, kwa hiyo 750 kwa usiku. Umeme, maji na gesi 600. Katika zile 8,000 umebakiwa na 3,690.

Sasa yale yanayolipwa nyumba iwe na mtu au isiwe na mtu: ada ya huduma ya jengo 12,000 kwa mwezi, intaneti 3,500, akiba ya matengenezo 10,000, leseni na bima zikigawanywa kwa miezi 4,500. Jumla 30,000. Unahitaji siku 9 za wageni kila mwezi ili tu usitoe pesa mfukoni.

Wengi huishia hapo na kufurahi. Fleti hiyohiyo ingepangishwa kwa mwaka, tuseme kwa 45,000 kwa mwezi, ungetoa ada ya jengo 12,000 na kodi ya pango ya asilimia 7.5, yaani 3,375, ukabaki na 29,625 bila kufua shuka hata moja. Ili nyumba ya wageni ifikie hapo inahitaji siku 17. Ongeza samani: ukitumia 900,000 kwa vitanda, magodoro, viyoyozi, jokofu na vyombo vitakavyodumu miaka mitano, hiyo ni 15,000 kwa mwezi. Sasa ni siku 21 kila mwezi, na hapo hatujagusa kodi ya mapato, kwa sababu ile asilimia 7.5 ni ya nyumba za makazi, si za wageni wa siku. Na Mei, bei ikishuka hadi 6,000, kila usiku unakuachia 2,430 tu, kwa hiyo bili peke yake zinataka siku 13.

Ukishika hesabu hiyo, ramani ya Pwani inabadilika.

Watamu na Malindi ni pazuri, na msimu wa Waitaliano unaweza kulipa vizuri kuanzia Desemba hadi Pasaka, kisha Agosti. Lakini pengo la katikati ni refu. Mei na Juni hoteli nyingi za Watamu hufunga kabisa. Malindi ina tatizo lake: mto Sabaki ukifurika, maji ya ghuba hugeuka rangi ya udongo, na picha za samawati ulizoweka mtandaoni zinakuletea malalamiko. Mahali pa aina hii panamfaa anayetaka kuitumia nyumba mwenyewe na kupunguza gharama kwa wageni. Kwa aliyechukua mkopo, benki haijui masika.

Diani ina faida tatu: uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda, mchanga mweupe, na barabara ya Dongo Kundu inayomtoa mgeni kituo cha reli cha Miritini hadi Kibundani bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Familia za Nairobi zinazosafiri kwa gari zinalijali sana hilo la feri. Lakini "Diani" ni neno pana. Kuna ploti za ufukweni, kuna safu ya pili ng'ambo ya barabara ya lami, na kuna nyumba zilizo kilomita mbili ndani ambazo tangazo linaziita Diani Beach. Safu ya pili mara nyingi ndiyo yenye hesabu nzuri, mradi kuna njia ya umma ya kushuka baharini unayoweza kuitembea kwa dakika tano na ina taa usiku. Itembee mwenyewe na begi begani, jua la saa saba. Kama lazima upite ndani ya hoteli, njia hiyo si yako. Siku askari akibadilishwa, mgeni wako atarudishwa getini.

Halafu kuna tumbili. Mnunuzi anayetoka bara hucheka akiambiwa, ila Diani tumbili, kima na nyani huingia jikoni mchana kweupe, hufungua jokofu na kuacha kinyesi kitandani. Dirisha lisilo na wavu imara au nondo zilizokaribiana ni gharama ya kila mwezi. Pipa la taka liwe na kibanda chenye mlango wa komeo. Na usikate miti ukidhani umewafukuza: mbega wanaihitaji, na kivuli hicho ndicho kinachopunguza bili ya kiyoyozi.

Nyali haina sifa ya Diani, lakini kwa anayetaka siku 21, ningeanza hapo. Wageni wake si wa ufukweni pekee. Kuna wanaokuja Mombasa kwa kazi ya bandari, kesi mahakamani, matibabu, harusi, mazishi, semina za kumalizia bajeti kabla ya tarehe 30 Juni. Watu hao hawaulizi kama bahari imechafuka. Wanauliza kama kuna maegesho, dawati na intaneti isiyokatika, na kama dereva wa teksi atapapata saa nne usiku. Ubaya wake ni ushindani: maghorofa yanaota kila mwaka, na fleti yako itafanana na nyingine thelathini. Kaa mbali na jengo ambalo nusu ya fleti zake tayari ni za wageni. Siku mtu mmoja akishusha bei, nyote mnashuka.

Kilifi napita haraka. Mji unakua, lakini wageni hujaa kwa vishindo vya sikukuu kisha wanatoweka.

Mtaa ukishauchagua, maji ndiyo swali la kwanza, kabla ya mandhari. Maji ya bomba Mombasa huja kwa zamu, na visima vingi vya karibu na bahari ni vya chumvi. Yaonje kwa ulimi. Maji ya chumvi hula hita, hukwamisha bomba za shawa na kuacha shuka nyeupe zikiwa ngumu kama mkeka. Uliza tangi la jengo ni lita ngapi kwa fleti ngapi: tangi la lita 20,000 kwa fleti 24 ni chini ya lita 850 kila moja, na familia ya watu sita inayotoka baharini huimaliza kwa siku mbili. Baada ya hapo ni boza, na bei ya boza huamuliwa na mwenye boza.

Hewa ya chumvi nayo haina huruma. Fremu ziwe za alumini, si chuma kilichopakwa rangi. Mashine ya nje ya kiyoyozi iwekwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, la sivyo mapezi yake huoza na gesi huvuja mapema. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kula karibu yuniti moja ya umeme kwa saa kikifanya kazi kwa nguvu. Mgeni akienda baharini akakiacha kinanguruma, zile 600 za umeme, maji na gesi zinayeyuka haraka. Weka feni ya dari kila chumba, watu wa Pwani wanajua kwa nini.

Kupima mahitaji huna haja ya kununua ripoti. Fungua Airbnb, chagua mtaa, tafuta nyumba ishirini zinazofanana na yako kwa vyumba na bei. Usiamini kalenda peke yake, kwani tarehe iliyozibwa inaweza kuwa mwenye nyumba kaizuia kwa ajili ya shangazi yake. Soma maoni badala yake: hesabu ngapi yaliandikwa Mei na Juni katika miaka miwili iliyopita, ukilinganisha na Desemba na Agosti. Si wageni wote huandika, lakini uwiano unasema kweli. Soma pia wanalalamikia nini. "Maji" na "kelele za disko" zikijirudia mtaa mmoja, huwezi kuzirekebisha kwa kupaka rangi.

Kisha karatasi. Chunguza hati ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata amana. Pwani ina historia ndefu ya ardhi yenye wadai wawili. Asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa fleti, chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020 wamiliki wana chombo chao chenye kanuni za jengo. Omba nakala ya kanuni hizo na kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho. Ukiona "wageni wa siku" wamejadiliwa mara mbili, kura ya kuwapiga marufuku iko njiani, hata kama dalali anakuonyesha fleti tano zinazofanya biashara hiyo sasa hivi. Uliza pia nani hajalipa ada ya jengo: nusu ya wamiliki wakidaiwa, jenereta haitawashwa, na lifti itakwama na mgeni wako ndani.