Korasi ya Epidaurus

Basi lilipovuka Mfereji wa Corinth, tukienda kutazama tamthilia kwenye ukumbi wa kale wa Epidaurus, Ugiriki, mwenzangu aliyeigiza Edipode katika kikundi chetu cha chuo alisimama kitini akatangaza kwa sauti ya kifalme, "Hapa ndipo nilipokulia!" Abiria Wagiriki hawakuelewa neno. Sisi tulicheka mpaka Mwalimu akageuka kututazama.

Katika tamthilia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, mfalme Edipode wa Thebes amelelewa Corinth na mfalme Polybus akidhani huyo ndiye baba yake wa damu, na mjumbe anayekuja kubomoa dhana hiyo anatoka huko huko. Nilikuwa nimelitamka jina la mji huo kila siku ya mazoezi bila kuwa na picha yake kichwani. Sasa niliona korongo jembamba lililokatwa wima kwenye mwamba, maji ya buluu chini kabisa. Mfereji wenyewe ulifunguliwa 1893 tu, kwa hiyo Edipode hakuuona, ila hilo sikumwambia.

Tulikuwa tumeigiza *Mfalme Edipode* kwa tafsiri ya Samuel Mushi, nami nilikuwa kwenye korasi. Aliyewahi kusoma maigizo anajua maana yake: nafasi za wahusika zimegawanywa, nawe umebaki. Unakuwa mmoja wa wazee wa Thebes, mnasema kwa pamoja, mnasogea kwa pamoja, kisha mnajibanza pembeni wenye majina waendelee na kazi. Ndugu zangu waliokuja kutuona waliniuliza baadaye kama nilikuwa nimechoka, maana nilikuwa nimesimama tu.

Kutoka Athens hadi Epidaurus ni kama saa mbili kwa basi. Tulifika mchana, tukiwa na muda wa kutosha kabla ya onyesho. Wengi hukimbilia ukumbi moja kwa moja, lakini Mwalimu alitupitisha kwanza kwenye magofu ya patakatifu pa Asclepius, mungu wa tiba. Wagonjwa walikuja hapa kutoka mbali, wakalala kwenye jengo maalumu wakingoja mungu awatokee ndotoni na kuwaponya. Ukumbi wa maigizo ulijengwa hapo hapo, mwishoni mwa karne ya 4 KK. Maana yake ni kwamba miongoni mwa waliokaa kwenye mawe yale kutazama walikuwamo watu wanaoumwa kweli. Na tamthilia ya Edipode inaanza na tauni. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyoyaangalia magofu yenyewe.

Halafu tukapanda njia ya misonobari, na ukumbi ukatokea wote kwa mara moja. Safu 55 za viti vya mawe zimelala kwenye mgongo wa kilima, 34 chini na 21 juu, nafasi ya watu wapatao 14,000. Chini kabisa kuna duara kamili la udongo ulioshindiliwa, na katikati yake jiwe moja la mviringo. Hakuna pazia, hakuna ukingo wa jukwaa unaosema huku ni kwetu na kule ni kwenu. Duara hilo, enzi za Wagiriki wa kale, lilikuwa uwanja wa korasi.

Watalii walikuwa wamepanga foleni kwenye lile jiwe, kila mmoja akidondosha sarafu au kuchana karatasi, jamaa zake wakisikiliza juu. Nilipanda hadi safu ya mwisho nikihema, Edipode wetu akabaki chini. Aliponong'ona niliona midomo ikicheza, basi. Alipozungumza kama mtu anayeongea na jirani, nilisikia kwamba anasema, lakini maneno yalikuwa nusu nusu. Alipotupa sauti kama tulivyofundishwa, kutoka tumboni, kila konsonanti ilinifikia ikiwa safi, umbali wa karibu mita 60, bila kipaza sauti. Kumbe mwaka 2017 watafiti kutoka Eindhoven, Uholanzi, walipima ukumbi huu kwa vyombo wakapata jambo linalofanana na hilo: mnong'ono unaeleweka na wa mbele tu, ila sauti ya mwigizaji aliyeitupa inafika kote. Wengine, huko Marekani, walikuwa wameeleza 2007 kwamba ngazi za viti huchuja sauti nzito, kama uvumi wa upepo na manung'uniko ya watu, zikaziacha zile nyembamba zipite. Waongoza watalii wanaendelea kusifia mnong'ono. Mimi napendelea ukweli huu, maana unamwachia mwigizaji kazi yake.

Onyesho lilianza saa tatu usiku, na mwezi Julai hiyo bado ni magharibi. Viatu vya visigino virefu haviruhusiwi kwa sababu vinakwangua mawe, na chakula hakiingii. Tulikalia makoti yetu. Tamthilia ilikuwa ile ile yetu, kwa Kigiriki cha leo, na tafsiri ya Kiingereza ikipita kwenye kioo pembeni. Sikuitazama. Nilijua kila neno lilipo, hata kama sikulijua lenyewe.

Korasi iliingia, watu 15 kama ilivyokuwa desturi tangu enzi za Sophocles, wakakaa chini kwenye duara. Na hawakutoka tena. Wafalme waliingia na kutoka, nabii Tiresias aliletwa akaondoka na hasira zake, malkia Jocasta alikimbilia ndani, wao wapo. Wakati Edipode akimhoji mchungaji mzee anayejua siri ya kuzaliwa kwake, mzee wa watu anakwepa na kusihi asiulizwe, nilijikuta simtazami yeyote kati yao. Niliwatazama wale 15. Mwanamume mmoja upande wa kushoto alikuwa ameshaelewa, kabla ya mfalme kuelewa, kwamba mfalme huyo alimuua baba yake akamwoa mama yake. Aliinamisha kichwa polepole. Wa pili akamwona, naye akaelewa. Ikaenda hivyo, mtu kwa mtu, mpaka duara zima likawa linajua na mfalme bado anauliza. Kwa kuwa viti vinazunguka zaidi ya nusu duara, ng'ambo yao niliwaona watazamaji wa upande wa pili, nao wameinama mbele vile vile. Korasi ilikuwa hadhira iliyotangulia kufika.

Edipode anajitoboa macho ndani ya kasri, hatuoni. Mtumishi anatoka kusimulia. Kwetu sehemu hiyo tuliiona ndefu, tukaipunguza. Pale mwigizaji alisimama karibu na lile jiwe, mikono imetulia, akasimulia yote kwa korasi, siyo kwetu, na maelfu ya watu wakawa wanasikiliza maneno yaliyoelekezwa kwa wengine. Nyenze peke yao ndio waliokuwa hawajali. Mtu fulani aliangusha chupa ya maji safu za juu ikaanza kushuka ngazi moja moja, na kila mgongano ulisikika wazi kuliko sarafu zote za mchana. Mwigizaji alingoja imalize safari yake, akaendelea. Nilitamani kumpigia makofi kwa hilo tu.

Katika basi la kurudi Athens hakuna aliyelala. Edipode wetu alilalamika kwamba mfalme yule alilia mapema mno, na nadhani alikuwa sahihi. Mimi nilimwambia Mwalimu ile simulizi ya mtumishi irudishwe yote, na sisi wazee wa Thebes tutolewe pembeni. "Mnataka kwenda wapi, wanangu?" akauliza. Nikamwambia chini, sakafuni, kati ya jukwaa na viti.

Tulipoigiza tena, ndipo tulipokaa. Watu wa safu ya mbele walilalamika wakati wa mapumziko kwamba migongo yetu inawaziba. Mwalimu alisikiliza kwa adabu zote, kisha akawaomba wao wahamie nyuma.