Marahaba kabla ya shikamoo

Nimetoka naiti ya tatu mfululizo wodini, nimeoga, nimekunywa uji, nimejilaza, na badala ya kulala naandika, maana kuna neno limenikaa kooni tangu Jumatatu na halitaki kushuka. Neno lenyewe ni marahaba.

Wale mbwa mnawajua, nimeshawalalamikia sana humu. Watatu, wa bibi wa geti la kijani, ukuta wetu na wake ni mmoja na dirisha la chumbani kwangu ndo linaangalia banda lao. Usiku mi nipo wodini kwa hiyo kelele zao za usiku sizijui, shida yangu ni mchana. Wakishafungiwa tu asubuhi, bodaboda ikipita wanabweka, muuza mboga akiita wanabweka, na yule mdogo mwenye sauti nyembamba hahitaji hata sababu. Mtu umekesha na watoto wa watu, umerudi Goba kwa daladala mbili, unalala kwa vipande vipande. Wiki iliyopita nilikaribia kukosea dozi ya mtoto, nikashtuka wakati sindano iko mkononi, nikaimwaga nikaanza upya huku natetemeka. Ndo hapo nikasema basi, imetosha.

Jumatatu nikashuka kwenye daladala na yunifomu yangu, kwangu sikuingia, nikaenda moja kwa moja kugonga kwa bibi. Hodi sikupiga, niligonga tu lile bati kwa kiganja. Alipofungua nikaanza, bibi hawa mbwa wamezidi, mimi nafanya kazi usiku, silali, naomba uwawekee utaratibu, ikishindikana nitaenda kwa mjumbe. Yote hayo sijavuta pumzi. Yeye kashika geti, kanga moja kiunoni nyingine begani, ananiangalia usoni tu. Nilipomaliza akasema, taratibu kabisa, "Marahaba, mwanangu."

Mi sikuwa nimemwamkia.

Akaongeza "nimekusikia", akarudishia geti.

Jamani hiyo marahaba. Nimeirudia kichwani sijui mara ngapi. Kwanza nikasema labda masikio, kazeeka, kasikia vibaya, lakini hapana, anasikia vizuri, huwa anamjibu mtu wa maji akiwa huko uani. Halafu nikasema ananisuta. Angenitukana ningelala, tungekuwa tumelingana, lakini aliitikia salamu ambayo sikuitoa, akanipa heshima ambayo mimi nimemnyima, na mama yangu Tukuyu alinilea kwamba mtu mzima unamwamkia kwanza hata kama umemkuta shambani kwako anavunja mahindi. Na "mwanangu" ile aliisemaje? Nikiwa nimechoka naisikia kali, nikishalala kidogo naisikia ya upole.

Jumatano baba watoto ameondoka kwenda Dodoma, uhamisho wake wa kazi umetoka kweli, Alhamisi wameleta posa ya mdogo wangu na imepokelewa, na mimi nimekaa pale na gauni jipya wazee wanaingia, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, kila ikiitikiwa naona uso wa bibi.

Dada wa gengeni nilipomweleza akaniambia kwa sauti ya chini, si uwatupie utumbo wenye sumu ya panya, siku moja kazi imekwisha. Sikumjibu, nyanya zangu nikaziacha hapohapo. Kuna wanaofanya hivyo mtaani na mi siwezi, mbwa hajajifungia mwenyewe.

Jana Jumamosi nikaenda. Nimevaa dera, nimebeba ndizi mbivu, nimepiga hodi kama mtu. Geti likafunguka, nikapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi." Akasema, "Nilishaitikia."

Alafu akafungua geti lote, "pita ndani."

Miaka mitatu hapa na ilikuwa mara ya kwanza kuingia uani kwake. Kijana aliyekuwa anawahudumia wale mbwa amerudi kwao tangu Juni kuuguza baba yake, bibi goti la kulia limevimba, kwenda mpaka bandani na ndoo ni safari. Kwa hiyo anawafungia saa mbili, anawafungulia jioni, basi. Banda ni mabati matupu, saa saba jua lote liko pale, nikaweka mkono kwenye bati nikautoa. Sufuria ya maji imepinduka, imekauka. Yule mdogo ulimi nje, ananikodolea macho, wala hakubweka. Nilimkasirikia bibi hapo, nawaambia ukweli, kiumbe humfungii bila maji na goti si jibu lote. Ila nikajikasirikia na mimi. Nilikuwa nafunga pazia zito ili nisiwasikie, dirisha langu hatua tano kutoka pale.

Mwanangu mkubwa atakuwa anaingia asubuhi kuweka maji ndoo mbili na kuwatoa wakae chini ya mwembe na kamba ndefu. Kadi zao za chanjo bibi anazo, kazifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho, muhuri wa mwisho ni wa mwaka juzi na ile ya kichaa cha mbwa inatakiwa kila mwaka. Hilo siliachi. Dalili zikishaanza kwa mtu hatuna cha kumpa, kinachookoa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na kuwahi sindano, na wengi wanaletwa kwetu wakiwa wameshapakwa vitunguu. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, kesho namtafuta bwana mifugo wa kata nijue kama watachanja mtaani kwetu.

Leo asubuhi walibweka mara mbili tu. Nilikuwa macho. "Nilishaitikia" nayo bado siielewi, kanisamehe au kanikumbusha.

Na sijui umeme huu unaenda wapi. Juzi nimenunua LUKU ya 20,000, sasa hivi mita inasoma yuniti 11, pasi hatujawasha, friji ni ileile. Baba watoto ndo alikuwa anajua mambo ya waya na simu yake tangu jana usiku haipatikani.