Ndege wa Kichwa Chini

Jumamosi stima ilipotea tena hapa Kondele, Kisumu, nikawasha pasi ya makaa. Harufu ya kitambaa kibichi na moshi ilikuwa bado puani mwangu binti yangu, yule wa maswali, alipouliza mara ya tatu: "Mama, nikate?" Kitambaa kiko mezani, chaki imechorwa, mkasi anao. Nikamwambia angoje kidogo. Mwenyewe nilikuwa nimeshafika 2009.

Nilikuwa na miezi minane kwa Mama Fundi, karibu na soko la Kibuye. Kazi yangu ilikuwa vifungo, pindo, makaa, na kutumwa uzi. Ule mkasi mkubwa niliugusa tu nikiupaka mafuta. Basi Alhamisi moja akaitwa matangani Bondo, akaniwekea mezani kitenge cha yadi sita, kitoke gauni na kilemba. Mwenye kitenge alikuwa mama mmoja wa Ahero aliyekuwa akingoja kuletewa ayie Jumamosi. Kwa wasio Waluo kama sisi, ayie ni pesa anazopewa mama wa msichana, na neno lenyewe maana yake ni "nimekubali".

"Kata leo, tushone usiku."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?" Akapanda matatu, akaenda.

Kitenge kilikuwa cha manjano, kimejaa mbayuwayu wa buluu, wote wameelekeza vichwa upande mmoja. Nilikitandaza, nikazunguka meza. Na niliona. Hili ndilo ambalo sijawahi kujisamehe: niliona kabla ya kukata. Kwamba nikikikunja ncha kwa ncha, nikate mbele na nyuma kwa mpigo mmoja, ndege wa safu ya chini watapinduka. Dawa yake ni kukata kipande kimoja kimoja. Nikachora kipande cha mbele, nikapima mara mbili, nikafungua mkasi.

Hapo moyo ukaanza kunisuta. Mama Fundi hukunja. Siku zote hukunja. Nimemshikia hizo ncha kwa mikono yangu. Wewe wa vifungo, umeanza lini kumpita aliyekufundisha? Na kitambaa cha watu hicho, ukikiharibu utakilipa na nini? Mkono ukawa mzito. Mkasi ulikuwa wazi, meno yake mawili yamelishika pindo, nami nimesimama hivyo hivyo hadi jasho la kiganja likalowesha mpini. Halikunijia kabisa wazo kwamba vitenge alivyokuwa akikunja vilikuwa vya maua na madoadoa, visivyo na juu wala chini.

Nikaifuta chaki kwa kiganja. Nikakunja kitambaa, nikachoma pini, nikakata. Kitenge kipya kina ugumu fulani, mkasi unalia kama mtu anatafuna mahindi ya kukaanga. Sikusimama hadi mwisho. Kisha nikainua kipande cha juu, na chini yake ndege wote walikuwa wakinitazama kichwa chini.

Kilichobaki kilitosha kilemba, au mgongo mpya bila kilemba. Nani atapokea ayie kichwa kitupu?

Mama Fundi alirudi jioni, vumbi la Bondo likiwa bado viatuni. Akaweka kidole juu ya ndege mmoja. "Hawa wanaenda wapi, nyathina, mwanangu?" Nikamwambia yote, hata ile chaki niliyoifuta. "Kwa hiyo ulikuwa umeona?" Nilikuwa nimeona. Akatikisa kichwa, akavuta kiti, akaanza kushona. Hadi leo sijui kama alikitikisia kitambaa au ile chaki.

Mwenye nguo alikuja Ijumaa. Kioo chetu kilikuwa kidogo, kinaonyesha kifua tu. Akajitazama, akafurahi, akalipa. Nilisimama mlangoni nikiutazama mgongo wake ukielekea steji, mbayuwayu wote wakipiga mbizi. Kama kuna aliyemwambia huko Ahero, habari hazikunifikia.

Natamani niseme kwamba tangu siku ile naliamini jicho langu. Mwezi uliofuata niliamini, nikamkatia mwalimu mmoja koti lenye mikono miwili, yote ya kulia. Sasa niseme nini? Yule anayeninong'oneza nikishika mkasi hajahama. Siku nyingine ananiokoa, siku nyingine ananipindulia ndege, na sauti ni ile ile moja.

Binti alikuwa bado anangoja, mkasi wazi.

"Umeangalia ndege?" nikamuuliza.

"Ndege gani, Mama? Haya ni maua."

Nikayainamia hayo maua, nikaanza kutafuta vikonyo vyake vinaelekea wapi.