Fedha Zilikuwepo Benki, Lakini Hazikuwa Zetu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mweka hazina wa bodi ya asasi ndogo iliyowahudumia wazee wasio na watu wa kuwatunza. Katika kikao kimoja tulisomewa taarifa ya benki yenye salio la kutosha kulipa mishahara ya miezi mitano, tukaridhika na kutaka kuendelea na ajenda inayofuata, ndipo mhasibu alipoomba ruhusa ya kusema. Alitueleza kwamba karibu fedha zote zile zilitoka kwa mfadhili mmoja na zilitolewa kwa masharti ya kununua vifaa vya tiba peke yake, na kwamba fedha tulizokuwa huru kuzitumia kwa mishahara, pango na umeme zisingefika mwisho wa mwezi uliofuata.

Tuliwasimamisha kazi wahudumu wanne. Vifaa vilinunuliwa kama mkataba ulivyotaka, vikakaa stoo kwa sababu waliopaswa kuvipeleka majumbani hawakuwepo tena, na wazee waliozoea kutembelewa mara mbili kwa wiki wakawa wanapigiwa simu tu. Mmoja wao alimuuliza mratibu wetu amemkosea nani hata akaachwa. Swali hilo sijalisahau, kwa kuwa jibu lake la kweli lilikuwa kwamba sisi wajumbe wa bodi hatukujua kusoma hesabu zetu wenyewe.

Nimesikia mara nyingi, na kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, kwamba anayezungumzia sana fedha katika shirika la kusaidia watu amekwisha kupoteza moyo wa huduma. Siafiki. Mhitaji hupanga maisha yake kwa kututegemea: huacha kutafuta msaada kwingine, huzoea uso wa mhudumu, na huhesabu siku ya kutembelewa. Tunapoanza kumhudumia bila kujua kama tutaweza kuendelea, tunampa ahadi tusiyoweza kuitimiza, na pengo tunalomwachia linaweza kumuumiza kuliko kama tusingefika kwake kabisa.

Chanzo kikubwa cha udhaifu huu, kwa maoni yangu, ni namna gharama za uendeshaji zinavyotazamwa. Wafadhili wengi hupenda kuona karibu kila senti ikimfikia mlengwa moja kwa moja, na mashirika, kwa kuogopa kunyimwa ruzuku, huandika bajeti inayoficha mshahara wa mhasibu, matengenezo ya kompyuta na ada ya mkaguzi wa hesabu. Gharama hizo hubaki palepale, na kila mradi mpya unaokubaliwa kwa bei isiyotosha huongeza deni ambalo halionekani kwenye ripoti yoyote. Mwaka 2013, taasisi tatu za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa kuhusu mashirika ya hisani, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi zikiwaomba waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji peke yake. Serikali ya nchi hiyo nayo, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kutoka asilimia 10 hadi 15 kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za uendeshaji wa jumla, ambacho mpokeaji wa ruzuku zake anaweza kudai hata kama hajawahi kujadiliana nayo kiwango chake mwenyewe. Ni hatua ndogo, lakini ni kukiri kwamba huduma ina gharama za kuisimamia.

Ukongwe na sifa havitoshi kulilinda shirika. Hull House ya Chicago, kituo cha kuwahudumia maskini na wahamiaji, ilianzishwa mwaka 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr. Addams alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931, na kazi yake ikawa mfano kwa wengi. Shirika lililoirithi kazi hiyo lilifungwa Januari 2012, likiwa limetegemea mno fedha za serikali zilizokuwa zikipungua huku mahitaji ya watu yakiongezeka. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika katika nchi nyingi yalipokea amri ya kusitisha kazi, na yale yaliyotegemea chanzo hicho kimoja hayakuwa na hata muda wa kuwaaga waliowahudumia.

Ndiyo maana naitetea akiba, ingawa najua inavyouma kuweka fedha kando wakati mtu mwenye shida amesimama mlangoni. Wataalamu wengi hupendekeza akiba inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Mimi hupenda bodi ianze kwa kuuliza wafadhili wake huchelewa kulipa kwa muda gani, hasa wale wanaotaka shirika litumie kwanza ndipo lirudishiwe, kisha ikadirie akiba kwa kutazama ucheleweshaji huo.

Tangu kikao kile, taarifa yetu ya fedha ilitenganishwa katika safu mbili, ya fedha zenye masharti na ya fedha huru, na hakuna ruzuku tuliyoipokea bila kwanza kuhesabu gharama zote za kuitekeleza. Moja tuliikataa, baada ya mabishano marefu. Ilituchukua karibu miaka miwili kufikisha akiba ya miezi mitatu. Wahudumu wawili kati ya wale wanne walirudi. Wengine wawili walikuwa wamekwisha kupata kazi kwingine, na wazee waliowazoea waliendelea kuwaulizia.