Umefikia kwa Nani?

Corniglia, Jumanne usiku.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye benchi la stesheni ya La Spezia, mji wa Italia, sina pa kulala. Kitanda nilichokilipia wiki mbili kabla, kwenye bweni la wasafiri, walikuwa wamempa mtu mwingine. Kijana wa mapokezi aliniomba radhi mara nne, akanirudishia hela yangu, basi. Bajeti yangu ya usiku ni euro 40. Simu inanionyesha vyumba vya 150 kwenda juu, na chaji imebaki asilimia 11.

Mama alishatuma ujumbe kutoka Lushoto: "Mwanangu, umefikia kwa nani?"

Sikumjibu. Mama hajawahi kuniuliza nimefikia wapi. Kwake safari ni watu: shangazi wa Tanga, binamu wa Korogwe, mke wa mchungaji aliyehamia Muheza. Nitaanzaje kumweleza kwamba nimekwenda mahali nisipojua hata paka, peke yangu, kwa hiari yangu, na nimelipa nauli?

Cinque Terre ni vijiji vitano vilivyong'ang'ania majabali ya pwani ya Liguria, Italia. Treni inapita ndani ya vilima. Bahari inachungulia mara moja, kisha giza la handaki tena. Nilishuka Riomaggiore. Mwenye chumba hutundika mlangoni kibao kilichoandikwa "camere", yaani vyumba, nami nikabonyeza kengele tatu. Kwanza kimya. Pili pamejaa. Mama wa tatu alitazama begi langu, akachungulia nyuma yangu kuona nimeongozana na nani, akasema hapangishi usiku mmoja. Manarola, yale yale.

Muuza focaccia, mkate bapa wa Kiitaliano, ndiye aliyeniambia niende Corniglia. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akanyoosha kidole juu.

Kati ya vijiji vyote vitano, hiki pekee hakina gati. Kimekaa juu ya mwamba, kama mita 100 juu ya bahari, na kutoka stesheni unapanda ngazi ziitwazo Lardarina: zaidi ya 370. Kibasi kipo, ila nilizionea huruma euro zangu. Nikaelewa kicheko. Wenye masanduku ya magurudumu wakifika hapa chini, wengi wanaghairi, kwa hiyo juu vyumba havigombaniwi sana.

Mimi na miguu yangu ya Usambara nikajitia ujuzi. Katikati nikakaa chini, ulimi nje. Pembeni yangu matuta ya mizabibu yalikuwa yamepandana hadi kileleni, kila moja na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila tone la saruji. Kwetu tunalima matuta pia, mvua kubwa ikija tunayaona yakishuka bondeni. Nilizitazama kuta zile kwa wivu kidogo.

Juu nilimkuta bibi kakaa mlangoni, anachambua maharage. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Chumba?" Euro 70. Nikamwambia, nikijibana natoa 45. Akarudi kwenye maharage yake. Nikakumbuka nimeanza na bei kabla ya salamu! Nikamwamkia upya kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, nikamuuliza zabibu mwaka huu zimekuwaje. Alinijibu kwa dakika kumi nzima. Niliambulia mvua, nguruwe mwitu na mgongo. Kisha akasema 50, na nilipe sasa hivi. Alichukua pasipoti, maana sheria yao inamtaka mwenye nyumba amwandikishe mgeni polisi, akanakili jina langu herufi moja moja huku akilitamka. Chumba ni cha mwanawe aliyehamia Genova. Medali zake za kuogelea bado zipo ukutani.

Nimechaji simu, nimemjibu Mama: "Nimefikia kwa bibi mmoja, huku mlimani."

"Bibi wa nani?"

"Sijui, Mama. Mwenyeji tu."

Akakaa kimya kidogo, kisha: "Msalimie sana. Umempelekea nini?"

Begini nina majani ya chai ya nyumbani, nusu pakti. Taa ya jikoni kwake bado inawaka.