Laxton, kijiji kinachokagua mipaka yake kila Novemba

Sisi tuliozaliwa kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo huko Kilimanjaro, tunajua masale, ile mimea ya mpakani, yakisogezwa usiku kinachofuata ni nini. Marehemu baba aligombana na jirani kwa hatua mbili tu za migomba. Kesi ilidumu miaka tisa, na hadi tunamzika nyumba hizo mbili zilikuwa hazisalimiani. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini hapa Nottingham, Uingereza, aliponiambia kuna kijiji ambacho wakulima wanalima mashamba makubwa bila uzio, mmoja ubavuni mwa mwenzake, nilitaka nikione kwa macho yangu.

Kinaitwa Laxton, mkoa huuhuu wa Nottinghamshire, si mbali na mji wa Newark. Kuna kanisa la mawe, kilima kilichobaki pale palipokuwa na ngome, na nyumba za matofali mekundu zimejipanga kando ya barabara. Kwetu mtu anaishi katikati ya migomba yake. Hapa wakulima wanakaa pamoja kijijini na mashamba yako nje, kwa sababu ardhi ya kila mmoja imetawanyika vipande vipande.

Mashamba makubwa ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila moja limegawanywa kanda ndefu nyembamba, na mkulima ana kanda huku na kule, ili ardhi nzuri na mbaya zisimwangukie mtu mmoja. Mwaka huu shamba moja lina ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili litapandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika. Mwakani wanazungusha. Ipo ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 inayoonyesha kanda hizo moja moja pamoja na majina ya waliozilima. Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ililimwa hivi. Kisha kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi uzio, na wanyonge wengi wakapoteza malisho yao. Laxton ikabaki. Hilo naliona jambo kubwa kuliko majumba yote ya kifalme ninayopelekwa kutazama.

Nilirudi mwishoni mwa Novemba, siku ya ukaguzi. Watu kumi na wawili, wote wakulima wa palepale, walipanda tela la trekta wakaenda kwenye shamba lenye ngano changa. Baridi ilikuwa inauma masikio. Mzee mmoja, buti zimejaa matope hadi juu, alisimama mwisho wa ukanda, akafumba jicho moja, akaangalia mstari mpaka upande wa pili. Mwingine akachomeka kigingi cha mti na kukigonga kwa nyundo. Mahali fulani jembe la trekta lilikuwa limekula nyasi za njia ya wote, kama hatua moja. Wakaliangalia, wakaandika. Hakuna aliyepaza sauti.

Wiki moja baadaye baraza lao, Court Leet, hukaa kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, kusoma makosa na kutoza faini ndogo. Na si mchezo wa kuwafurahisha watalii: sheria ya mwaka 1977 ilipofuta mamlaka ya mabaraza ya namna hii nchini, la Laxton liliachiwa lake. Kosa la mwaka huu linamalizwa mwaka huuhuu, halipati nafasi ya kurithiwa na watoto. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba, machozi yakanilengalenga.

Jioni nilimpigia simu kaka yangu, yuko Marangu, nikamsimulia yote. Akasikiliza kimya, halafu akauliza kitu kimoja: huyo aliyelima njia, walikula naye mchana?

Nikamwambia walikula naye, meza moja.